Jumapili ya dereva: kwa nini anayechoka zaidi ndiye asiyepumzika

Pikipiki nyingi zilizopangwa kijiweni si mali ya wanaoziendesha. Mwenye chombo ni mtu mwingine: mfanyabiashara, mama mwenye duka la dawa, mwalimu aliyekopa SACCOS akanunua mbili. Dereva anampelekea hesabu kila jioni. Kiasi hutegemea mji na hali ya chombo, lakini tuseme ni 10,000. Weka mafuta ya 9,000, sahani ya wali maharage, vocha, na pancha ambayo haijawahi kupiga hodi. Shilingi 20,000 na ushee za mwanzo wa siku zina wenyewe kabla hajazishika. Anaanza kujitafutia riziki yake saa ambazo mtu wa ofisini ameshaanza kuitazama saa ya ukutani.

Katika makubaliano mengi ya aina hii kuna kipengele kimoja cha kuvutia. Hesabu ni Jumatatu hadi Jumamosi; Jumapili ni ya dereva. Mgeni akisikia atadhani ni siku ya kupumzika. Dereva anajua ni siku ambayo kila kinachoingia ni chake, kwa hiyo ndiyo siku ya kutafuta kodi ya chumba, ada ya mtoto na deni la dukani kwa Mangi. Siku pekee ambayo angeweza kulala ndiyo inayomgharimu zaidi akiilala.

Ushauri tunaopewa kuhusu kupumzika huwa unaanzia kwenye tabia: panga muda wako, zima simu, jifunze kukataa. Si ushauri mbaya, ila umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeifunga siku yake mwenyewe. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wanaochoka zaidi ndio wanaopumzika kidogo, acha tabia kwanza, uliza mambo mawili: kazi hiyo inalipwaje, na nani ana mamlaka ya kusema leo basi.

Suala hili liliwahi kuwagombanisha wachumi wa Marekani. Mwaka 1997 Colin Camerer, Linda Babcock, George Loewenstein na Richard Thaler walichapisha utafiti juu ya madereva wa teksi wa New York. Kwa akili ya kawaida, siku yenye abiria wengi ndiyo ya kukesha barabarani, na siku kavu ndiyo ya kwenda nyumbani mapema. Wao waliona kinyume chake: siku nzuri madereva walifunga kazi mapema, siku mbaya walizunguka mpaka usiku. Maelezo yao yalikuwa kwamba dereva anajiwekea lengo la siku, na hatulii mpaka alifikie. Henry Farber, mchumi mwingine, alirudia hesabu kwa takwimu nyingi zaidi akasema hapana, wengi wao wanafuata fedha ilipo kama mtu yeyote. Ubishi haujaisha.

Kwa dereva wa bodaboda ubishi huo hauna uzito sana, maana lengo la siku hakujiwekea yeye. Limewekwa na mwenye chombo, na linadaiwa kila jioni. Jumanne kavu isiyo na abiria haiwezi kufidiwa na Ijumaa yenye mvua, kwa sababu hesabu ya Jumanne inadaiwa Jumanne. Ndiyo maana anabaki kijiweni mpaka saa sita usiku, si kwamba kuna abiria, bali kwa kuwa kuna 4,000 haijatimia.

Sasa tazama. Hesabu ya 10,000 kwa siku kwa siku sita, na hesabu ya 60,000 kwa wiki, kwa mwenye chombo ni fedha ileile. Kwa dereva ni maisha mawili tofauti. Akidaiwa kwa wiki, Jumanne kavu anarudi nyumbani saa nane mchana, analala, anapeleka mtoto kliniki, halafu Ijumaa anakaza. Wenye vyombo wengi hawalipendi hili, na sababu yao naielewa: fedha ya wiki hupotea katikati, akiugua mtu au ikija harusi, na siku ya saba unapewa hadithi. Kwa hiyo wanachonunua kwa kudai kila jioni ni uhakika, na anayeulipia ni dereva, kwa usingizi wake.

Daladala zilishapata jibu lao zamani: deiwaka. Ni dereva au konda asiye na gari la kudumu, anayezunguka kituoni. Dereva au konda mwenye gari la kudumu akichoka, akifiwa, au akitaka tu kwenda kula kwa nafasi, anampa deiwaka trip mbili tatu. Deiwaka anapata chochote, hesabu inatimia, na mchovu analala. Hakuna ofisi iliyoubuni mpango huu. Kasoro yake ni kwamba pumziko la mmoja limekuwa kibarua cha mwingine asiye na uhakika wowote, na deiwaka mwenyewe hana deiwaka. Lakini kanuni iliyomo ndani yake inafaa kuliko ushauri mwingi wa kwenye simu, kwa sababu inakubali ukweli: kazi haisimami, kwa hiyo lazima mtu mwingine aishike. Sokoni ni hivyohivyo. Mwenye meza ya nyanya hafungi, anamwambia jirani, "Niangalizie, narudi." Mwenye jirani mwema anapumzika. Aliyegombana na majirani wa pande zote mbili anakula amesimama.

Mwili hausikilizi maelezo

Tangu unapoamka, ubongo ukifanya kazi unalimbikiza kemikali iitwayo adenosini. Kadiri inavyojaa ndivyo kope zinavyokuwa nzito, na dawa yake ni moja tu, kulala. Kahawa haiiondoi. Kafeini inakwenda kukaa pale ambapo adenosini ingekaa, ubongo ukadanganyika kwamba mambo ni shwari, na huku nyuma mlundikano unaendelea. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa vituoni vinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa watu wengi, saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake saa tatu usiku.

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akipimwa wepesi wa kuona na kuitikia, hufanya vibaya sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Hilo limepimwa maabara tangu miaka ya 1990. Piga hesabu: aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anafika hapo saa nne usiku, akiwa bado ana abiria nyuma. Trafiki anacho kifaa cha kupima ulevi. Cha kupima usingizi hakipo.

Kwa upande wa muda mrefu, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao ya pamoja. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kuliambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake walikadiria vifo 745,000 duniani. Saa 55 si nyingi kwa jinsi tunavyoishi. Ni saa tisa na kidogo kwa siku, siku sita, bila hata kuhesabu foleni.

Kulala mchana kutwa siku moja ya wiki hupunguza makali ila hakulipi deni lote. Usingizi mfupi wa dakika 20 hivi una faida kuliko watu wanavyodhani, na madereva wa bodaboda wameugundua bila daktari: utamkuta amelala chali juu ya pikipiki yake chini ya mwarobaini, mgongo kwenye siti, miguu juu ya usukani, kofia usoni. Akiamka kabla hajazama kwenye usingizi mzito, anaamka mwepesi. Akipitiliza saa nzima anaamka kichwa kizito na hasira za bure, na abiria wa kwanza ndiye anayezipata.

Kukaa si kupumzika

Lakini usingizi ni nusu ya habari. Kuna watu wanalala saa nane na wanaamka wamechoka. Kuna wengine wanashinda wamekaa, hawajainua hata ndoo, na jioni wako hoi.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Sabine Sonnentag ametumia miaka mingi kuchunguza watu wakishatoka kazini. Mwaka 2007, yeye na Charlotte Fritz walibainisha mambo manne yanayomfanya mtu arudi kazini akiwa mpya: akili kutoka kazini kabisa, mwili kutulia, kujifunza au kuweza jambo jipya lisilo la kazi, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako. La kwanza na la mwisho ndiyo yanayofungua fumbo letu.

Chukua dereva yuleyule kijiweni. Katika siku ya saa 15 huenda amekaa nusu yake, na anayepita na gari anasema vijana hawa wanashinda wamekaa tu. Anachofanya pale ni kusubiri. Macho yako barabarani, sikio liko kwa anayepiga mluzi, zamu inahesabiwa, na hawezi kusema nitalala kidogo maana zamu itampita. Muda huo si wake. Ameukodisha kwa abiria ambaye bado hajatokea. Wakala wa fedha kwenye kibanda chake yuko hivyohivyo, na mlinzi wa getini, na muuza duka saa za mchana zisizo na wateja. Kusubiri kunachosha bila kutoa jasho, na kwa kuwa hakuna jasho, hata mwenyewe anajilaumu kwamba amechokea nini.

Simu imeeneza hali hiyo hadi kwa wenye mishahara. Kundi la WhatsApp la kazini linalia saa tatu usiku: "Wapendwa, kesho tuwahi." Ujumbe wenyewe hauna kazi ndani yake, lakini akili imesharudi ofisini na haitoki tena mpaka asubuhi. Ufaransa iliweka jambo hili kisheria kuanzia Januari 2017: kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inapaswa kujadiliana nao namna ya kuheshimu muda wao wa kutokupatikana. Kwetu anayezima simu usiku anaonekana anaficha kitu.

Kwa nini akili haitoki? Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi shughuli iliyokatizwa kuliko iliyokamilika. Waliorudia majaribio hayo hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Hata hivyo mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha jambo la manufaa zaidi: jukumu lisilokamilika linamsumbua mtu katikati ya shughuli nyingine, lakini akishapanga bayana lini na vipi atalimaliza, usumbufu unapungua, ingawa jukumu lenyewe bado halijaguswa. Kwa hiyo mama lishe anayeandika kwenye daftari kabla ya kulala, "mchele kilo 10, mkaa, fulani anadaiwa 3,500", hajafanya kazi ya ziada. Ameitoa kichwani akaiweka mahali. Kati ya ushauri wote wa kwenye vitabu vya kujiendeleza, huu wa daftari ndio ninaouamini, na hauna gharama.

Sonnentag aliongeza jambo la kuudhi mwaka 2018. Siku zenye presha kubwa, ambapo mtu anahitaji pumziko kuliko siku nyingine zote, ndizo ambazo kujinasua na kazi kunamshinda: hana nguvu ya kwenda mazoezini, hana hamu ya watu, anaangukia kwenye kochi na simu mkononi. Ukimwambia ajitahidi, unamwongezea kazi.

Kete sitini na nne

Hapo ndipo mchezo unapoingia, na si kwa ajili ya watoto.

Kaa pembeni ya wazee wanaocheza bao, Unguja au Lamu. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mtu ana safu mbili. Mwanzoni kete 10 tu za kila upande ndizo ziko ubaoni, sita kati yake zimelundikwa kwenye shimo moja liitwalo nyumba, na 22 ziko mkononi. Unanamua: unaingiza kete moja, ikigusa shimo lako la mbele lenye kete na mwenzako ana kete mkabala, unakula. Ulichokula hakitoki mchezoni, unakipanda upande wako, kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, kete moja kila shimo. Ikiwa kete ya mwisho inaangukia tena pazuri, unaendelea kula. Hoja moja inaweza kuzunguka ubao hadi watazamaji wanaanza kucheka. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, awamu ya pili ya mchezo, na hapo hesabu inakuwa nzito zaidi.

Mtu anayejaribu kuona hoja tatu mbele, huku mwenzake anagonga ubao kwa vidole na kijana mmoja nyuma anatoa ushauri asioombwa, hana nafasi kichwani ya kuweka kodi ya nyumba. Si kwamba ameamua kuisahau. Haiingii. Kujinasua ambako wataalamu wanasema hakuji kwa kujitahidi, kunakuja kwa sababu kitu kingine kimechukua nafasi yote. Drafti ya vizibo vya soda inafanya kazi hiyo, chandimu ya jioni inafanya, kwaya inafanya. Na michezo hii ina kitu ambacho simu haina: inaisha. Aliyefungwa anapisha, mwingine anakaa, anayetaka kwenda swala anakwenda. Kuperuzi picha hakuna kufunga wala kufungwa, kwa hiyo unaacha pale chaji inapokuacha.

Tofauti inaonekana wazi zaidi ukitazama kubeti. Kandanda ilikuwa pumziko la wanaume wa mijini tangu Yanga na Simba zilipoanzishwa katika miaka ya 1930. Mtu alikwenda uwanjani, akapiga kelele, akarudi sauti imekauka na roho nyeupe. Leo kijana anatazama mechi ya timu mbili za Ulaya asizozijua, ana mkeka wa mechi nane mfukoni, na kila kona inayopigwa anaihesabu kwa shilingi. Ule si mchezo tena. Ni hesabu nyingine ya jioni, tofauti yake ni kwamba hii amejidai mwenyewe. Mkeka ukichanika dakika ya 90 analala na mawazo yaleyale aliyokuwa anayakimbia, pamoja na pengo jipya la fedha.

Shaka ya zamani

Kwamba kupumzika kunaonewa aibu si jambo la leo. Katika bandari ya Mombasa wakati wa ukoloni, wengi wa wapakiaji mizigo walikuwa vibarua wa siku. Mtu wa pwani mwenye shamba lake la minazi au mihogo ng'ambo ya maji alikuja bandarini siku anazohitaji fedha, akabeba magunia, akarudi kwao. Wakubwa wa serikali waliandika kwa uchungu juu ya uvivu wake. Baada ya mgomo mkuu wa 1947, na hasa katika miaka ya 1950, mfumo ulibadilishwa: vibarua wakaandikishwa, wakatakiwa kutokea kazini kwa idadi ya siku waliyopangiwa, wasiofikisha wakatolewa kwenye orodha. Kwa waliobaki, mishahara na uhakika viliongezeka. Kilichoondoka ni lile neno la leo sitaki. Yule kibarua aliweza kulisema kwa sababu alikuwa na mihogo. Kibarua wa leo wa mjini, anayenunua hata maji, hana kitu cha kusimamia akitaka kulisema.

Baada ya uhuru lawama zilibadilisha sauti tu. Azimio la Arusha la 1967 liliwataja wanaume wa vijijini na wanawake wa mijini ambao nguvu zao zinapotea kwenye umbeya, ngoma na pombe. Hata hivyo, Azimio hilohilo lilisema jambo ambalo wanasiasa wengi waliofuata hawakulirudia kwa uwazi ule: kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwaka 2015 tulipata Hapa Kazi Tu, kaulimbiu ya Magufuli. Hatujawahi kuwa na kaulimbiu ya mapumziko, na sidhani kama ingepata kura.

Kuhusu wanawake, takwimu za Kenya za matumizi ya muda za mwaka 2021 zilionyesha wanatumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Hilo linaeleza kwa nini wikiendi inamaanisha vitu viwili ndani ya nyumba moja: baba yuko kijiweni, mama anafua za wiki nzima. Hata burudani ya mwanamke mara nyingi inabidi ivae nguo za kazi. Anakaa barazani na wenzake, sawa, lakini mkononi ana ungo wa mchele au kichwa cha mtu anachosuka. Akikaa mikono mitupu ataulizwa kama anaumwa. Sherehe nazo zimeota gharama: kuna mchango, kuna sare, kuna kamati yenye kundi lake la WhatsApp, na usiku wa furaha unaanza kudaiwa miezi miwili kabla.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa tisa kwa siku, siku sita. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe saa moja ya kupumua. Kati ya kutoka na kuingia tena ziwepo saa 12. Kila wiki saa 24 mfululizo za mapumziko, na akizifanyia kazi alipwe mara mbili. Nchini Kenya sheria ya ajira ya 2007 inataka angalau siku moja katika saba. Umoja wa Mataifa uliliweka pumziko kwenye ibara ya 24 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948, pamoja na likizo yenye malipo.

Sheria hizo za ajira zinamhusu mwenye mwajiri. Dereva wa hesabu kwenye makaratasi hana mwajiri. Ana mtu aliyemkodishia chombo. Mama lishe ni mwajiri wa nafsi yake. Na dada wa kazi anaye mwajiri, ila analala kwenye sehemu ya kazi. Saa zake 12 za kutoka na kuingia zinahesabiwaje, ikiwa mtoto akilia saa nane usiku anayeamka ni yeye? Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, uliandikwa kwa ajili ya watu kama yeye, nao unasisitiza saa 24 mfululizo kila wiki. Neno la kuangalia ni mfululizo. Nyumba nyingi zinampa Jumapili mchana, baada ya kuosha vyombo vya chai na kabla ya kupika cha usiku, na zinajihesabu zimempa siku.

Watoto nao wameingia kwenye daladala hili mapema. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unatambua haki yao ya kupumzika na kucheza, na Kenya ilipiga marufuku twisheni za likizo kwenye sheria ya elimu ya msingi ya 2013. Bado mtoto wa mjini anaamshwa gizani kuwahi gari la shule na anarudi gizani na daftari tatu. Rede inahitaji watu wachache tu, mpira wa soksi, chupa na mchanga: wawili wanarusha, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa, akipigwa anatoka. Haihitaji fedha. Inahitaji jioni yenye mwanga na watoto wengine walioko nje, na vyote viwili vimekuwa adimu. Wazazi wengine siku hizi wanakubali mchezo kwa sababu wameambiwa unakuza akili. Unakuza, ndiyo, lakini mtoto anayejaza chupa mchanga hafanyi maandalizi ya kitu. Anacheza.

Na wenye likizo je? Mtumishi wa Tanzania ana siku 28 kwa mwaka, sikukuu zikihesabiwa humo. Tafiti za likizo za Ulaya zinaonyesha kwamba mtu hurudi amechangamka, na ndani ya wiki chache anakuwa alivyokuwa. Ndiyo maana pumziko dogo la kila wiki lina kazi ambayo likizo moja kubwa haiwezi kuifanya. Kwetu siku hizo 28 zina wenyewe hata hivyo. Zinakwenda kwenye msiba, kuuguza, kumpeleka mtoto shule ya bweni, na zinazobaki zinakwenda kwenye ujenzi. Nimewasikia wengi wakiona haya kulisema, kwamba likizo yao yote waliimalizia kwenye saiti wakihesabu tofali. Mimi sioni haya iko wapi. Kwa vipimo vya Sonnentag, mtu aliyesimama kwenye kiwanja chake, anayejifunza kutofautisha mchanga mzuri na mbaya, ambaye hakuna bosi wa kumwuliza yuko wapi, ametimiza matatu kati ya manne. La nne, mwili kutulia, linategemea kama fundi aliyechukua advansi atatokea.